Kumtafuta Annie Moore

Katika madarasa yangu ya historia nina desturi moja ambayo wanafunzi huijua mapema. Juma la kwanza la muhula huwaomba waende nyumbani wakaulize majina ya wazee wao, kutoka kwa baba hadi kwa babu, na kutoka kwa babu hadi pale ulimi wa mzee unapokoma. Hurudi na majina mengi. Wako walioleta vizazi sita, na mmoja alileta tisa, akayasema mbele ya wenzake pasipo kukwama, kama mtu anayehesabu mifugo yake ikiingia zizini. Lakini majina hayo karibu yote huwa ya wanaume. Nikiuliza, "Na mama yake babu yako aliitwa nani?" darasa hunyamaza. Mwanamke aliyembeba mzee huyo mgongoni, akamlisha na kumwuguza, hakumbukwi kwa jina. Pengine husemwa tu kwamba alitoka upande wa mlimani, au kwamba alikuwa mrefu, au kwamba alijua kufinyanga vyungu.

Hapo ndipo huwasimulia habari ya Annie Moore. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mwayalandi, binti wa watu maskini, aliyevuka bahari kwenda Marekani zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita. Walakini habari yake yatuhusu, kwa kuwa yeye hakupotea kwa ukosefu wa maandishi. Aliandikwa mara nyingi, katika daftari nyingi, na makarani wengi. Jina lake lilitangazwa magazetini, na sanamu zake mbili zilisimamishwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Annie alikuwa na daftari na habari pia, na juu ya hayo yote akapotea.

Kwanza yafaa tujue kilichowatoa watu wale kwao. Kisiwa cha Ayalandi kilikuwa na watu wapatao 8,175,000 katika hesabu ya mwaka wa 1841. Miaka kumi baadaye walikuwa wamebaki kama 6,550,000. Katikati ya hesabu hizo mbili ugonjwa wa viazi uliingia mashambani. Viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, na vilipoanza kuoza ardhini mwaka wa 1845, watu kama 1,000,000 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya hao wakapanda meli. Njaa ikaisha, lakini njia ya baharini haikufungwa tena. Aliyefika Marekani alituma nauli nyumbani akamvuta ndugu, na ndugu akamvuta dada. Wazazi wa Annie, waliokaa katika mji wa Cork kusini mwa kisiwa, walifuata desturi hiyo. Walitangulia kwenda New York mwaka wa 1888, wakawaacha watoto watatu nyuma hadi watakapoweza kuwaita.

Wito ulikuja baada ya miaka mitatu. Tarehe 20 Desemba, 1891, Annie alipanda meli iliyoitwa Nevada katika bandari ya Queenstown, ambayo leo huitwa Cobh. Alikuwa na wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip. Wakavuka bahari wakati wa baridi bila mzazi, dada akiwa ndiye mama wa safari. Krismasi iliwakuta majini. Walipofika New York, serikali ya Marekani ilikuwa inajiandaa kufungua kituo kipya cha kuwapokea wahamiaji katika kisiwa kidogo cha Ellis. Kituo hicho kilifanya kazi hadi mwaka wa 1954, na watu kama 12,000,000 walipita humo. Asubuhi ya tarehe 1 Januari, 1892, aliyekuwa wa kwanza kupita alikuwa Annie Moore. Mkuu wa uhamiaji wa bandari, John B. Weber, alimpa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Waandishi wa magazeti walikuwapo. Wakaandika kwamba msichana yule alikuwa anatimiza miaka 15 siku ile ile. Yamkini hawakuwa na nia mbaya; habari tamu huuza gazeti. Lakini Annie alikuwa amezaliwa mwezi wa Aprili, mwaka wa 1874, basi alikuwa na miaka 17, na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado mbali. Ndiyo kusema kwamba tangu saa ya kwanza ya maisha yake huko ugenini, masimulizi na maandishi yalikuwa yameachana njia. Wengi husema pia kwamba makarani wa Ellis waliwabadilishia wageni majina kwa sababu hawakuyaelewa. Masimulizi hayo yanapendwa mno na familia nyingi za Marekani. Ukweli ni kwamba orodha za abiria ziliandikwa na watu wa meli huko walikotoka, na kazi ya karani wa Ellis ilikuwa kuzihakiki. Majina yalibadilika baadaye, aghalabu kwa hiari ya wenyewe, madukani, viwandani na shuleni.

Annie akatoka mlangoni, akaingia mjini na wadogo zake, na magazeti yakamsahau.

Miaka mingi ikapita. Mwaka wa 1990 jengo la kisiwa cha Ellis lilifunguliwa tena, safari hii kama jumba la makumbusho, na watu wakaanza kuuliza habari za yule msichana wa kwanza. Jibu lilikuwa tayari. Ilisemekana kwamba Annie Moore alikwenda magharibi hadi Texas, akaolewa na mtu wa ukoo wa Daniel O'Connell, yule kiongozi maarufu wa Waayalandi, na kwamba mwaka wa 1923 aligongwa na gari la reli akafa karibu na mji wa Fort Worth. Ilikuwa habari nzuri: msichana maskini, nchi kubwa, ndoa ya heshima, na kifo cha ghafula. Wazao wa mama huyo wa Texas walialikwa kwenye sherehe. Mwaka wa 1993 Rais wa Ayalandi, Mary Robinson, alizindua sanamu mbili za Annie, moja katika bandari ya Cobh alikotoka na nyingine katika kisiwa cha Ellis alikofika. Hakuna aliyefungua daftari kuhakikisha.

Aliyefungua alikuwa Megan Smolenyak, mwanamke Mmarekani ambaye kazi yake ni kutafuta nasaba za watu. Mwanzoni mwa karne hii alikuwa anasaidia kutayarisha filamu juu ya wahamiaji, akataka kuthibitisha jambo ambalo kila mtu alilijua. Akatazama hesabu za watu za huko Texas. Katika daftari za hesabu ya Marekani kuna safu ya mahali pa kuzaliwa, na karani huijaza kwa neno moja tu. Kwa Annie Moore wa Texas neno hilo halikuwa Ayalandi. Lilikuwa Illinois. Mama yule alizaliwa Marekani kwenyewe, wala hakuwa na haja ya kupita kisiwa cha Ellis.

Sioni sababu ya kuicheka familia ile. Walikuwa kweli na nyanya aliyeitwa Annie Moore, na jina lile lilikuwa la kawaida kabisa. Mtu mmoja alisikia, akasimulia. Mwanawe akayarithi masimulizi kama mtu anavyorithi kiti. Mjukuu akakuta kiti kipo akakikalia. Hata hivyo waswahili walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Wakati watu wa Texas wanasafiri kwa nyota ya Annie, Annie mwenyewe alikuwa gizani mahali fulani, na wajukuu zake hawakualikwa popote.

Basi alikuwa wapi? Swali hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, maana ni kazi nyepesi kuonyesha kwamba mtu fulani siye, na ni kazi nzito kumpata aliye ndiye. Mwaka wa 2006 Smolenyak alitangaza kwa njia ya intaneti kwamba atatoa dola 1,000 kwa yeyote atakayemwonyesha Annie wa kweli. Watu wengi wakaingia kazini. Miongoni mwao alikuwamo Brian Andersson, aliyekuwa mkuu wa idara ya kumbukumbu ya jiji la New York, yaani mtu aliyekaa juu ya daftari zenyewe.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lililonifanya niandike insha hii limo katika njia waliyoipita. Ukimtafuta mwanamke katika daftari za nchi zile, utamfuata vizuri hadi siku ya harusi yake, kisha atatoweka. Siku hiyo huchukua jina la mume. Mwaka unaofuata karani anaandika jina jingine, na Annie Moore hayuko tena, ingawa anapika chakula katika chumba kile kile. Kama hujui aliolewa na nani, umefika ukutani. Kutafuta "Annie Moore" katika New York ya wakati ule ni sawa na kumtafuta "Fatuma binti Ali" katika Mombasa nzima.

Lakini mwanamume hubeba jina lake hadi kaburini. Annie alikuwa na wadogo wawili wa kiume, na orodha ya meli ilikuwa imewaandika pamoja naye. Wakaacha kumtafuta Annie, wakamtafuta Philip. Andersson akapata hati ya uraia ya Philip Moore. Hati ikawapeleka kwenye hesabu ya watu ya mwaka wa 1930, ambamo Philip ameandikwa pamoja na binti yake, Anna. Kutoka kwa Anna wakaenda kwenye rejista ya vifo ya serikali, na kutoka hapo wakamfikia mwana wa Anna, aliyekuwa bado hai. Mama yake mtu huyo alikuwa na shangazi, na shangazi huyo ndiye Annie Moore. Kazi yote haikuchukua miezi miwili.

Niliposoma habari hiyo nilistaajabu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimepita njia kama hiyo, tena bila karatasi. Mama yake babu yangu alitoka katika milima ya Taita akaolewa chini, upande wa mashamba ya katani. Babu yangu alikuwa na nasaba ndefu ya baba zake, naye aliipenda kuisema. Lakini mama yake alijulikana kwa jina moja tu, yaani mama wa kifungua mimba wake. Majirani walimwita hivyo, wakwe walimwita hivyo, na wanawe wakakua wakisikia hivyo. Alipozikwa alizikwa na jina hilo la kuazima. Karatasi nazo hazingeweza kunisaidia. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaandikisha Waafrika na kuwavisha kipande shingoni, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliandikisha wanaume, kwa sababu iliwataka wanaume kwa kazi. Mwanamke hakuwa na kipande. Hiyo ilikuwa nafuu kwa shingo yake na hasara kwa kitukuu chake.

Niliwauliza shangazi zangu wote, wasijue. Ndipo baba aliponiambia, "Unauliza mlango usio wake. Nenda kwa wajomba." Nikapanda mlimani, katika nyumba ya ukoo wa kaka yake. Nilimkuta mzee aliyepita miaka themanini, ameketi kando ya migomba. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua hutoka wapi. Akalitaja jina papo hapo. Katika nyumba ile bibi yangu mkuu hakuwa kamwe mama wa mtu fulani. Alikuwa dada, kisha akawa shangazi, na dada huitwa kwa jina lake. Msichana mmoja wa nyumba hiyo alikuwa ameniletea maji ya kunywa nilipofika. Mzee akamwonyesha kwa mkono, akasema, "Huyo aliyekupa maji ndiye yeye. Walimpa jina lake."

Nimeliandika jina hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari yangu, kwa wino.

Turudi kwa Annie. Alipopatikana, ilionekana kwamba hakwenda Texas wala mahali popote pa mbali. Alikaa New York, katika mitaa ya maskini ya upande wa mashariki wa Manhattan ya kusini. Mwaka wa 1895 aliolewa na Joseph Augustus Schayer, mwana wa mwokaji mikate Mjerumani, aliyefanya kazi katika soko la samaki la Fulton. Alizaa watoto wasiopungua kumi, na walio wengi walikufa kabla ya kukua. Akafa mwaka wa 1924. Hayo ndiyo maisha yake, na yote yamo katika vyeti: cha ndoa, vya kuzaliwa, vya kufa, vya kufa tena.

Katika hesabu za watu za Marekani za mwaka wa 1900 na 1910 kulikuwa na maswali mawili yaliyoulizwa kwa wanawake waliopata kuolewa. Umezaa watoto wangapi? Walio hai ni wangapi? Nimezisoma kurasa za hesabu hizo kwa saa nyingi, nikizivuta moja baada ya nyingine katika tarakilishi ya shule, na macho yangu hukimbilia safu hizo mbili kabla ya jina la mtu. Tisa, wanne. Saba, watatu. Sita, sita, hapo moyo hufurahi kidogo kwa ajili ya mwanamke usiyemjua. Karani alisimama mlangoni, mama akafuta mikono, akajibu, na karani akaandika tarakimu mbili akaenda mlango wa pili. Magazeti ya mwaka wa 1892 yaliona sarafu ya dhahabu. Tarakimu mbili hizo hayakuziona, nami nadhani ndizo zinazotwambia zaidi juu ya wanawake waliokuja baada ya Annie kwa mlango ule ule.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba daftari ni kama kisima kisichokauka. Wazazi wa Annie walifika mwaka wa 1888, na hesabu ya watu iliyofuata ilikuwa ya 1890. Karibu hesabu hiyo yote imepotea, kwa sababu moto ulitokea katika jengo la serikali huko Washington mwaka wa 1921, na kile ambacho moto haukukila kiliharibiwa na maji na uzembe. Huko Ayalandi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 30 Juni, 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la kumbukumbu la taifa mjini Dublin lililipuka na kuteketea, na maandishi ya miaka mia saba yakapanda angani. Hesabu za watu za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote. Zile za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe, na zile za 1881 na 1891 ziligeuzwa kuwa karatasi mbichi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Hesabu kamili za kwanza zilizobaki ni za 1901 na 1911, ambazo leo mtu yeyote aweza kuzisoma bure.

Ndani ya msiba huo kuna jambo moja ambalo hunifanya nitabasamu. Sheria ilikuwa imetaka vitabu vingi vya kanisa la serikali, yaani Kanisa la Ayalandi la Kiprotestanti, vipelekwe Dublin vikahifadhiwe vizuri; vingi vya hivyo vikaungua. Vitabu vya Wakatoliki, kanisa la maskini walio wengi, havikutakiwa na mtu. Vilibaki makabatini kwa mapadri, na ndivyo vilivyopona. Mwaka wa 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilitoa picha za kurasa zake kwa watu wote. Anayetafuta mhenga wake aliyezaliwa kabla ya mwaka wa 1864, ambapo serikali ilianza kuandika vizazi na vifo vyote, huomba sana mhenga huyo awe alibatizwa mahali palipodharauliwa.

Tena kuna ugumu mwingine. Karatasi za Marekani aghalabu husema "Ayalandi" na kunyamaza. Neno hilo halimfikishi mtu kokote, maana vitabu vya kule vimepangwa kwa parokia na kwa kijiji. Mtafutaji lazima apate jina la kijiji kabla ya kuvuka bahari, hata kama ni kwa kulisoma juu ya jiwe la kaburi au katika barua iliyosahauliwa. Kazi hiyo ndiyo iliyofanyika kwa mtu mmoja ambaye Wakenya twamjua. Barack Obama, Rais wa Marekani kutoka mwaka wa 2009 hadi 2017, upande wa baba ni mzao wa Kogelo katika Siaya, na nasaba ya upande huo wazee waliitunza kwa ulimi. Upande wa mama hapakuwa na mzee wa kuisema. Mwaka wa 2007 Smolenyak huyu huyu aliifuata kwa karatasi, akirudi nyuma kizazi kwa kizazi, hadi akamkuta kijana aliyeitwa Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall. Baba yake alikuwa ameachiwa shamba huko Ohio na ndugu yake aliyefariki, akatangulia. Mwana akamfuata, akashuka New York mwaka wa 1850, akiwa na umri wa miaka 19.

Lugha yetu ina maneno ya kuhesabia ngazi hizo, nami huwatahini wanafunzi kwayo. Mtoto wa Falmouth alikuwa Mary Ann. Mjukuu wake alikuwa Ralph Dunham, kitukuu chake alikuwa Stanley, kilembwe chake alikuwa Ann, mama yake Obama. Basi Obama ni kining'ina cha fundi viatu yule na mwanawe? La, hapo wengi hukosea kwa kuanza kuhesabu kwa fundi viatu. Ni kining'ina cha Falmouth. Familia yao ilikuwa ya Kiprotestanti, nao moto wa Dublin ungeweza kuwafuta kabisa. Lakini vitabu vya parokia yao havikuwamo katika jengo lile. Kasisi wa mahali, Stephen Neill, akavifungua akalikuta jina la Kearney. Mwezi wa Mei, mwaka wa 2011, Obama alikwenda Moneygall akanywa bia katika baa ya kijiji, na watu wakajaa barabara moja iliyopo.

Watu wa Moneygall walipata siku yao. Watu wa Annie nao walipata yao, ingawa ilikuwa ndogo. Habari ilipotangazwa New York mwaka wa 2006, wazao wake wa kweli walikutana, wengine kwa mara ya kwanza. Damu ya msichana wa Cork ilikuwa imekwisha kuchanganyika na ya Wajerumani, Waitalia, Wayahudi na watu wa Skandinavia, kama inavyokuwa katika miji ya bandari.

Likabaki jambo la kaburi. Daftari za makaburi zilionyesha kwamba Annie alizikwa Calvary, katika upande wa jiji uitwao Queens, pamoja na baadhi ya watoto wake waliokufa wachanga. Makaburi hayo ni makubwa mno, na mawe yake ni mengi kama nyumba za mji. Juu ya Annie hapakuwa na jiwe. Alikuwa na sanamu mbili za shaba pande mbili za bahari, na mahali alipolala palikuwa majani matupu, na namba katika kitabu cha mlinzi. Watu wakachanga fedha. Msalaba ukachongwa kwa jiwe la Ayalandi, ukapakiwa, ukavuka bahari ile ile, na mwezi wa Oktoba, mwaka wa 2008, ukasimamishwa juu yake na juu ya watoto wake.